Gitaa Langu la Mpingo

Jumatatu, 5 Agosti 1974

Siku kubwa! Mzee Fakihi, kiongozi wa bendi ya kiwanda chetu hapa Temeke, katangaza: Jumamosi ni majaribio ya mpiga solo. Tuko wawili tu, mie na Kasimiri wa idara ya kushona magunia. Kila mtu aje na gitaa lake, maana la kiwanda limekufa na ya nje hayaagiziki. Mshindi atarekodi redioni Jumatatu ijayo. Lazima niwe mie! Nilishamwandikia tangu mwezi jana mchumba wangu Apolonia, kule Bukoba, kwamba mpiga solo ni mie. Baba yake keshanunua betri mpya za redio.

Jumanne, 6 Agosti

Nimekwenda Kinondoni kwa Mzee Albano, Mmakonde mchonga vinyago, anichongee gitaa. Mfukoni nina sumaku mbili, zile zinazokaa chini ya nyuzi na kunasa sauti. Nimezipata kwa baharia mmoja. Kali hizo! Kumbe Kasimiri kanitangulia, na sumaku zake za kizamani, zenye sauti ya mtu aliyeshiba ugali.

Mzee kaziunga zote kwenye redio yake, kasikiliza. Kisha kaanza kugonga magogo kwa kidole, moja moja, sikio juu ya mti, macho kafumba. Jamani, yule mzee! Nilisahau hata kuchukia. Akasema sumaku kali zataka mti mpole, zilizolala zataka mti mgumu wa kuziamsha. Kwa hiyo mie mwili wa mninga na shingo ya mninga. Kasimiri kila kitu mpingo.

Mpingo! Na mie mti wa vitanda! Nikasema asante mzee.

Alhamisi, 8 Agosti

Leo kwa Mzee Albano vipande vyote, miili na shingo, vimeshachongwa, vimebaki kufungwa sumaku na nyuzi. Nimefikiri sana. Mpingo ni mali ya taifa, na Kasimiri hawezi kuhodhi mali ya taifa kama bepari. Kwa hiyo huu si wizi.

Mzee alipokwenda kula, nilitoa kopo la kiwi nyeusi ya viatu. Nikausugua mninga wangu, mwili na shingo, mpaka ukang'aa, kama wafanyavyo wale wanaowauzia watalii vinyago vya uongo. Nikauweka kwenye fungu la Kasimiri. Mpingo wake nikautia guniani, huyoo! Mzito, bega limeteguka. Lakini sura yake! Nimeutandikia kitanda changu.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimefunga sumaku, nimefunga nyuzi, nimepiga. Jirani yangu Bi Mwanaasha katoka mbio kuuliza nani ananoa panga uani. Nimemwambia chumba ni kidogo, ukumbini sauti itatulia.

Jumamosi, 10 Agosti

Haikutulia. Nilipopiga uzi wa kwanza, Mzee Fakihi aliziba masikio yote mawili. Mlinzi wa lango alikuja mbio, akidhani king'ora cha moto. Niliendelea. Nikaombwa nisiendelee.

Akapanda Kasimiri. Shati lake jeupe tumboni jeusi tititi, vidole vyeusi, kiwi yamtoka kama jasho. Nikacheka. Halafu akapiga.

Nimekoma! Sauti ilitoka nene, tamu, imeamka, kila uzi na maneno yake. Wanawake wa kantini waliacha masufuria wakaja kusimama mlangoni. Mie mwenyewe nilijikuta natikisa kichwa. Mzee Albano, aliyekuwa amekaa mbele, akaeleza kwamba aliugonga ule mwili Alhamisi hiyo hiyo akajua ni mninga. Mpingo wa mwili mwingine hakuwa nao. Basi akatoa shingo ya mninga, akachonga ya mpingo, ngumu, ikaziamsha zile sumaku. Hakumtaja mtu. Aliniangalia tu, nikaangalia viatu. Solo kapewa Kasimiri, na mkono wangu ulikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Jumapili, 11 Agosti

Baada ya misa, hodi! Mzee Albano, kutoka Kinondoni kote huko, kwapani kashika shingo ya mninga, ile yangu, kaifuta kiwi yote. Hakunigombeza hata kidogo. Alisema mpingo na sumaku kali ni wagomvi wawili, wanahitaji mpole wa kuwaamua. Akaitoa shingo ya mpingo, akaifunga ile ya mninga, akanipa gitaa.

Mungu wangu! Sauti ile ile kali, lakini sasa ina adabu. Bi Mwanaasha aliacha kukuna nazi akataka nirudie. Mzee Fakihi alikuwa anapita barabarani, akaingia bila hodi. Akasema kesho niende redioni nikapige gitaa la pili, niende nalo hivi hivi lilivyo, nisiguse hata skrubu. Nimelia mbele za watu, wala sioni haya. Apolonia atanisikia! Yule Mmakonde ni fundi, nasema fundi, hakuna wa kumfikia mji huu wote.

Saa kumi jioni. Nimekaa nikawaza. Kama sumaku mbili zimetoa utamu huu, nne je? Yule baharia alikuwa na nyingine mbili, kali kuliko hizi. Nimeshakwenda kuzichukua. Hili Mzee Albano, pamoja na ufundi wake wote, hakuliwaza.

Nimeshatoboa matundu. Ufa uliotokea ni mdogo tu, unapitisha vidole viwili.