Mtaa Mzima Hausikii

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu anazidi kuwa kiziwi. Asubuhi nimeomba chai mpaka nikachoka, ananikodolea macho tu. Eti ninanong'ona. Mimi! Dalali wa mnada maisha yangu yote, niliyeuza vitanda, mabati, na jeneza moja ambalo mwenyewe alighairi kufa. Daktari naye yuko upande wake. Kasema Parkinson haikuishia kwenye mkono unaotetemeka, imefika hadi kwenye sauti, na mgonjwa mwenyewe huwa hajui. Amenipeleka kwa mwalimu wa sauti. Nimekubali kwa sababu moja: mwisho wa mwezi shule inanadi samani zake kuukuu, na shemeji, kaka wa mke wangu, anataka kunadi yeye ili mimi "nipumzike". Mtu hajawahi kuuza hata kigoda! Nikimwachia mnada huu, kengele yangu ya kunadia sitaiona tena.

Alhamisi, 6 Machi
Mwalimu wa sauti ni binti mdogo kuliko kitindamimba wangu. Kazi yake ni kunipigisha kelele. Navuta pumzi, nasema "aaa" mpaka iishe, kipimo kwenye simu kinaonyesha ukubwa wa sauti. Kasema nikihisi ninafoka, hapo ndipo watu wananisikia kawaida. Nikamweleza kwa adabu kwamba koo langu halina neno, mgonjwa ni mke wangu, masikio. Akaniomba nirudie, hakusikia. Hata yeye! Maskini, na ujana wote ule.

Jumanne, 11 Machi
Nimempeleka mke wangu kliniki ya masikio kwa kumdanganya tunakwenda kununua viatu. Mpimaji amesema masikio yake ni mazima kabisa. Ikabidi viatu vinunuliwe kweli. Jioni nikajifungia bafuni na redio, nikairekodi kwa simu, nikamtumia mwalimu kama mazoezi yangu ya nyumbani. Amesikiliza kwa makini. Akasema sauti imepanda sana, ila yeye alikuwa hajui kwamba mimi husoma taarifa ya habari redioni, tena kwa sauti ya kike.

Jumatano, 19 Machi
Shemeji amekuja kuazima kengele, aizoee. Nikamwambia atoke nyumbani kwangu. Akamgeukia dada yake, akauliza nimesema nini. Mke wangu akajibu kwamba nimemkaribisha chai. Wakanywa mbele yangu. Nimeumia sana. Kukaa kwenye kiti changu mwenyewe huku nikitafsiriwa, tena vibaya! Alipoondoka nikaingia bafuni nikafoka "aaa" mpaka jirani akagonga ukuta. Mke wangu alisimama nje ya mlango akisema bado, Baba watoto, ongeza. Sasa tunafanya hivyo kila siku, kumridhisha tu. Dawa yenyewe ninayo: nimemshawishi mlinzi wa shule aandike kwenye ubao wa tangazo la mnada kwamba wanunuzi wote waje wamesafisha masikio.

Jumamosi, 29 Machi
Shemeji alifika na kipaza sauti, suti na karatasi ya hotuba. Nikamtangulia jukwaani. Nikashika kengele, mkono ukaitetemesha wenyewe, ikalia bila kukoma mpaka uwanja mzima ukanyamaza. Hilo shemeji haliwezi. Kisha nikafoka kama nilivyofundishwa. Niliona aibu, nilihisi kama naita watu waje kuzima moto. Mtu wa nyuma kabisa, karibu na lango, akainua mkono kwa kabati la maabara. Nikauza kila kitu, hata dawati la miguu mitatu. Shemeji alijikuna kichwa, nikamuuzia ubao mweusi. Mke wangu alilia, na mimi nikashindwa kujizuia. Mwalimu wa sauti alikuwepo, akapiga makofi. Sijui ya nini.

Jumapili, 30 Machi
Nimetafakari kwa kina. Lile tangazo limefanya kazi. Mtaa mzima umesafisha masikio, na mke wangu amepona kabisa: leo nimeomba chai mara moja tu, ikaja. Kesho ninarudi kwa mwalimu wa sauti. Nimemnunulia kichupa cha dawa ya masikio. Bado mdogo, atapona.