Daktari wa Waya na Takataka za Mama Malori

Lori liligoma kuwaka mbele ya geti la yadi, na Daktari wa Waya, aliyekuwa akipita zake, akasimama kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa. Stata ilitoa mlio mmoja wa kinyonge, ikanyamaza. Dereva akafunua boneti. Humo ndani, kutoka kwenye betri, ilishuka kebo nene kama kidole gumba, shaba tupu, kichwa chake kimebanwa kwa mashine mpaka kikawa kitu kimoja na waya. Ilihitaji kusuguliwa kutu tu. Daktari aliiona kutu, lakini macho yake yalibaki kwenye shaba.

Udaktari huo alijitunuku mwenyewe. Kabla yake alikuwa Injinia wa Matangi, na kabla ya hapo, kwa muda mfupi sana, Mtaalamu wa Mchwa. Aliyemwamini katika vyeo vyote hivyo ni dada yake mkubwa, aliyempa chumba na chakula, na ambaye kila jioni alimuuliza habari za kazi kwa upole uliomfanya aangalie sahani. Safari hii alikuwa amemwapia kwamba ni kazi ya kweli. Shaba ya yadi nzima, akiiuza, ingempa chumba chake mwenyewe, ahame dada hajagundua kitu. Aliweza kuishi bila heshima ya mji mzima, lakini si bila ya dada yule.

Mwenye yadi, Mama Malori, alijulikana kwa mkono wa birika. Daktari alimwendea taratibu, akamwamkia, akaitazama kebo, kisha akatikisa kichwa kama aliyeletewa mgonjwa akiwa amechelewa. Akamweleza kwamba kubana kumepitwa na wakati. Waya uliobanwa umefinywa tu, hauna hiari, siku yoyote utatoroka. Kulehemu ndiyo ndoa yenyewe: risasi ya kulehemia inayeyuka, inapenya kwenye kila unyuzi, wanakuwa mwili mmoja.

"Na bei ya hiyo ndoa?" akauliza Mama Malori.

"Bure, mama. Wewe nitangazie jina tu. Hizi takataka za zamani nitakubebea, zisikuchafulie yadi."

Mama Malori akarekebisha kanga yake, kama mtu anayeona vibaya kumpunja mtoto wa watu. Kisha akakumbuka kwamba malori yake mengine pia yalikuwa na kebo za kubanwa. Na jenereta. Na trekta lililokuwa limeota majani hadi kwenye usukani. Daktari akaugua, akakubali kishingo upande, huku moyo wake ukicheza ngoma.

Kebo alizoweka zilikuwa na mpira mnene na alumini kiduchu ndani, iliyopakwa rangi ya shaba. Risasi aliidondosha mdomoni mwa kichwa cha kebo tu, tone kubwa linalong'aa, chini yake patupu. Akaagiza gari lolote lisiwashwe mpaka kesho yake, risasi ilale ikomae. Na mtu asivute kiungo, maana risasi changa ikivutwa inasusa.

Alipomaliza alikwenda kuleta pikapu yake ya kubebea mzigo. Nyumbani akamkuta dada yake amevaa nguo zake za kutokea, ameshakaa kwenye kiti cha mbele. Alitaka kuiona hiyo kazi kwa macho yake. Daktari hakupata uongo wa haraka. Pikapu iliwaka kwa kujivuta; akasingizia baridi.

Yadini wakapakia, yeye na dada, turubai likafungwa. Mama Malori akasimama getini kuwaaga. Daktari akazungusha ufunguo.

Ukasikika mlio mmoja. Kisha harufu. Kisha moshi mwembamba ukachungulia pembeni mwa boneti. Alipoifunua, kebo ilikuwa imechomoka kwenye kichwa chake, inaning'inia, na risasi inadondoka chini kama machozi.

Daktari akakodoa macho. Hii haikuwa kebo yake. Yake ilikuwa imebanwa kwa mashine, barabara kabisa. Hakuwa mjinga wa kumeza dawa yake mwenyewe.

"Nilitaka nikushtukize," dada akasema nyuma yake, kwa haya. "Unashughulikia magari ya watu, lako limebanwa kishamba. Nikachukua waya wako mmoja uvunguni mwa kitanda, nikamwomba fundi redio wa jirani akulehemie. Nimekosea, mdogo wangu?"

Daktari akamgeukia. Kati ya watu wote aliowahubiria, aliyeokoka ni mmoja, naye ni huyu.

Mama Malori alikuwa ameshafika. Akakishika kile kichwa kitupu kwa ncha ya kanga, akakigeuza. Akatazama malori yake, akatazama turubai, mwisho akamtazama dada, aliyekuwa akifinya mkoba wake kama mtoto aliyevunja kikombe.

Daktari akangoja kuvuliwa nguo mbele ya dada yake.

"Dada hajakosea," akasema Mama Malori polepole. "Hii risasi haikulala, ndiyo tatizo. Si hivyo, Daktari?"

"Ndivyo, mama."

"Sasa mimi nina wasiwasi na malori yangu. Nimeamua kurudia ushamba. Shusha hizo takataka, uzirudishe moja moja. Mashine ya kubana nitakuazima. Bei ni ileile tuliyopatana. Au zilikuwa si takataka?"

Akitetea mzigo, angelazimika kusema una thamani gani. Akafungua turubai.

Alifanya kazi mpaka shati likamganda mgongoni. Dada alimshikia kebo na kuwaambia madereva kwamba mdogo wake ana moyo, anafanya yote haya bure. Madereva waliokwisha kuelewa waliinama, wakakohoa. Mama Malori hakusahau hata lile trekta.

Mwisho kabisa Mama Malori akamtupia kipande cha kebo ya shaba cha kutia kwenye pikapu yake. Daktari akakibana, kisha, kwa mara ya kwanza tangu ajipe cheo hicho, akakivuta kwa nguvu zake zote. Hakikutikisika.

Dada akainama sikioni mwake, Mama Malori asisikie.

"Tusimuudhi mama wa watu," akanong'ona. "Lakini ile lehemu yako ilikuwa nzuri zaidi. Iling'aa."