Robo Tatu, Toa Nusu, Jumlisha Robo

Jumatatu, 3 Machi 2025

Swaumu ya pili. Nimepima maji ya duara, shimo letu la kuchimbia dhahabu. Sitaki kupima tena maisha yangu yote.

Niliajiriwa ukarani. Lakini hapa, nje kidogo ya Bugarama, karani hulala kifudifudi kwenye mdomo wa duara, hushusha kamba yenye jiwe na kusoma maji yamefika wapi. Akiandika "kavu" na kusaini, wachimbaji wanashuka. Duara lina mita ishirini na nne. Chacha wa winchi hunishika mkanda wa suruali. Leo aliniuliza kama ni wa ngozi au wa plastiki. Nilikuwa nasali.

Jioni tena. Maji nusu ya duara.

Mzee Nkwabi, mwenye duara, atachagua karani mkuu: mimi au Vaileth wa stoo. Vaileth hupima bila kushikwa. Tena akiimba.

Lazima nipate njia.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata! Maji ni sehemu. Sehemu ni hesabu. Hesabu hufanyiwa mezani, kwenye kiti, mbali na shimo.

Kwa mujibu wa daftari la Mageni wa pampu, pampu ikishinda inafanya kazi hutoa nusu ya duara. Usiku maji ya mwambani hurudisha robo. Basi: ½ + ¼ − ½. Jibu robo. Alasiri Chacha akashusha kamba kuhakikisha. Mita sita. Robo kamili!

Mzee Nkwabi aliuliza nimejuaje cha kuanza nacho. Nikasema MAGAZIJUTO. Akasimama wima kama yuko darasa la nne, akakariri: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Alisema alichapwa viboko vinne kwa ajili ya neno hilo huko Didia, na hajalisahau. Akaniita ng'wanone, mwanangu. Kesho tutapima mara ya mwisho, nipate namba ya kuanzia. Kisha kamba itafungia ng'ombe wake.

Vaileth hakupiga makofi.

Jumatano, 5 Machi

Mvua usiku kucha. Asubuhi kamba imesema robo tatu. Hakuna aliyeshuka. Pampu imeshinda ikinguruma. Kamba imeenda kwa ng'ombe.

Paschal, jirani yangu wa ukuta mmoja, amerudi kanisani na majivu kwenye paji la uso. Ni mtu wa Ushirombo. Siku zote yeye hushuka wa kwanza. Mkewe Coletha ana mimba ya miezi saba, na hunipa uji wa kufuturu ingawa wao wenyewe wameingia Kwaresima leo. Paschal aliuliza kama kesho ni kavu. Nikamwambia hesabu itasema. Akasema yeye hesabu zilimshinda, ananitegemea mimi.

Nilifurahi sana.

Alhamisi, 6 Machi



Asubuhi nilianza na robo tatu ya jana. Pampu ilitoa nusu. Usiku robo imerudi. ¾ − ½ + ¼. MAGAZIJUTO: JU kabla ya TO. Nusu jumlisha robo ni robo tatu. Robo tatu toa robo tatu ni sifuri. Kavu. Nikasaini.

Vaileth alisomea begani kwangu. Alisema kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, unaanza na kilichotangulia kushoto, kama foleni ya kisimani. Robo tatu toa nusu ni robo. Jumlisha robo, ni nusu.

"Mita kumi na mbili, Akida. Mtu anazama humo."

Nikamjibu kwamba neno ni MAGAZIJUTO, si MAGAZITOJU. Watu walicheka. Mzee Nkwabi alicheka kuliko wote. Vaileth akaondoka mbio kumtafuta ng'ombe.

Paschal akashushwa. Baada ya muda sauti yake ikapanda kutoka chini: "Maji!"

Chacha akasimamisha winchi. Nikamwambia karatasi inasema hakuna maji, kwa hiyo hiyo ni kiu. Chacha akasema Paschal amefunga. Nikasema ndiyo maana ana kiu.

"Maji! Maji!"

Nikasema mfungo umemshinda, apelekewe. Tukashusha dumu lenye maji nusu kwa kamba ya ndoo. Chacha akaendelea kuzungusha winchi. Sauti ikakoma.

Nikasema ameridhika.

Vaileth akafika na kamba, ng'ombe akiwa bado amefungwa upande wa pili. Jiwe likagusa maji mita kumi na mbili kutoka juu. Chacha akazungusha winchi kinyume huku akilia. Paschal alitoka amelikumbatia dumu, midomo ya kijivu, hapumui vizuri. Majivu yote yametoka kwenye paji.

Ijumaa, 7 Machi

Paschal yuko hospitali Kahama, anapumulia mashine. Hajafumbua macho.

Coletha alikuja mlangoni. Hakuja na uji. Aliuliza swali moja tu.

"Shemeji, kwenye hiyo hesabu yako, Paschal ulimweka wapi?"

Nikamweleza kwa upole kwamba hesabu ilikuwa ya sehemu za maji, watu hawamo. Aligeuka akarudi kwake. Labda hakuelewa. Sehemu ni mada ngumu.

Nimeandika ripoti ya kurasa nne. Kanuni haikukosewa, kwa hiyo iliyokosea ni pampu. Mageni aliapa kwa mama yake kwamba ilitoa nusu yake yote. Mzee Nkwabi amemfukuza. Nimeongeza kwamba dumu lililomshikilia majeruhi asizame liliagizwa na karani.

Jumamosi, 8 Machi

Vaileth ameacha kazi. Amekwenda Kahama kumshika Coletha mkono. Kwa hiyo karani mkuu ni mimi. Hakuna aliyenipongeza.

Mashine bado inampumulia Paschal.

Jumatatu, 10 Machi

Wachimbaji wamegoma mpaka maji yapimwe kwa kamba. Mzee Nkwabi ameirudisha. Iko hapa mezani, ina harufu ya ng'ombe. Nimeibeba mpaka kwenye mdomo wa duara. Nikamwomba Chacha anishike mkanda. Chacha akaweka mikono nyuma.

Nikarudi ofisini.

Jana asubuhi Vaileth hakuwepo, lakini Chacha alipima mwenyewe kwa kamba ya ndoo kabla ya kugoma: robo tatu. Pampu, sasa chini ya mtu mwaminifu, imetoa nusu. Usiku imerudi robo. Nimekaa, nimetulia, nimetafuta kosa la Alhamisi mpaka nimeliona. Sikuweka mabano! Ningeyaweka, Vaileth asingekuwa na la kusema.

¾ − (½ + ¼). Mabano kwanza, hata yeye anakubali. Jibu sifuri.

Nimewatangazia kwamba kipimo kimefanyika. Silvesta, mdogo wake Paschal, aliuliza kama ni kwa kamba. Nikasema ni kwa kitu kilicho bora kuliko kamba. Akaniambia asante, karani.

Nimesaini. Ameshavaa taa.