Pijo Isiyosikika

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Bila mimi Kampala ingekuwa inatembea kwa miguu. Majenerali watatu walijifunza kubadili gia kwangu. Mmoja alilia tulipoagana. Jumamosi mpwa wangu Munirah anaolewa, na mimi mjomba wake ndiye nitakayemtoa nyumbani Naguru mpaka ukumbini Nakawa, ndani ya Pijo yangu ya zamani. Gari la heshima! Ila rejeta inavuja kidogo. Kidogo kama mbuzi anavyokojoa.

Dada yangu Kulusum, mama yake Munirah, amesema likidondosha hata tone Ijumaa, bibi harusi atapanda gari la shemeji yake, Akram. Akram! Mtu ana gari jipya, bado hajavua nailoni kwenye viti!

Jumanne, 5 Agosti
Fundi Ocen amechungulia, akasema: Mzee, mpira wa maji umeoza, nunua mwingine. Nikamwambia mimi niliziba lori la jeshi kwa sabuni na mate. Akasema haya, tema. Hana adabu.

Jumatano, 6 Agosti
Nimetia ute wa mayai kwenye rejeta. Umetoka wote. Paka wa jirani wameshiba. Akram amepita, akauliza kama nafungua hoteli.

Ijumaa, 8 Agosti
Ufunuo! Jikoni kuna ndoo ya uji wa kisra, zile chapati zetu nyembamba za Kinubi, za wageni wa kesho. Nikaona unavyonata kwenye bamba la moto. Nikasema, hiki ndicho injini inachokosa! Nusu ndoo ikaingia kwenye rejeta. Nikawasha. Harufu tamu, wallahi, mtu angeomba mchuzi. Halafu injini ikakohoa, ikanyamaza. Nikaiacha ipumzike.

Nikamwita Kulusum. Hata tone! Akram alilala kifudifudi kutafuta, akainuka na vumbi tu. Banange, nimeshinda! Kuhusu ndoo, nimemwambia Kulusum ni paka.

Jumamosi, 9 Agosti
Ushindi! Niliwaomba vijana wa ukoo watusukume mpaka barabarani, bibi harusi asitolewe kwao kwa kelele. Wakasema mjomba anajua mambo. Kisha tukauteremka mlima wa Naguru kama malaika. Akram nyuma anapiga honi, hakuna wa kumtazama. Langoni mwa ukumbi wazee wakatega masikio: Sulaimani, mbona injini haisikiki? Nikasema za zamani ndivyo zilivyoundwa. Munirah akanibusu mkono, akasema: mjomba, sikutikisika hata kidogo. Akram akaguna.

Kisra haikutosha. Paka wamelaaniwa sana.

Jumapili, 10 Agosti
Hajati Jalia, mmoja wa wageni wa jana, anataka nimbebee binti yake siku ya harusi yake mwezi ujao. Kutoka Nakawa, kupanda Naguru. Nimekubali papo hapo! Safari hii nitatia ndoo nzima. Ocen anasema injini imekuwa sufuria yenye ukoko. Wivu.

Jambo dogo tu, lisitoke humu. Injini haijawaka tangu Ijumaa. Jana ulikuwa mteremko. Pijo bado iko pale langoni, kesho inavutwa kurudi kwa Kulusum. Kamba ni ya Akram. Na gari la kuvuta.