Nati za Bomba na Harusi ya Saa Sita

Jumamosi hii gazeti ndilo lililotutibulia chai. Kipimo alilisoma kwa sauti, mgahawa mzima wa Maureen usikie.

"'Gurudumu la nyuma la gari la kujiundia lachomoka, lalipita gari lenyewe, lavunja kibanda cha nyanya cha bibi kizee.' Chanzo, nati ya habu haikukazwa!"

"Bibi mzima?" akauliza Maureen, birika mkononi.

"Mzima. Nyanya ndo marehemu."

Bomba akacheka mpaka soseji ikamdondoka kutoka kwenye mkate. Jina lake hasa Clive, ila hukaza kila kitu kwa kuchomeka bomba la chuma kwenye mpini wa spana, kisha anarukaruka juu yake. Kipimo ni Nigel, yeye hafungi hata chupa ya jemu bila spana ya kipimo, ile inayolia klik nati ikitosha. Wote wameunda magari yao gereji za nyumbani, toka kwenye maboksi ya vipuri. La Bomba limemla miaka kumi na moja, na leo saa sita lilikuwa limpeleke binti yake Bryony kanisani. Ndiyo maana alikuja nalo, kavaa suti, atuoneshe.

"Klik, klik, kama chura!" Bomba akabeza. "Mwanaume anakaza kwa uzito wake."

"Za nyuma umekaza?"

"Zina alama ya njano, nenda kaone!"

Kwenye chama chetu cha waunda magari, nati ikishakazwa hupigwa mstari wa rangi, toka kwenye nati mpaka kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu. Ikilegea, mstari unakatika. Na sharti ni moja tu, mstari apige mwenzako.

"Kapiga nani?" Kipimo akauliza.

"Mimi."

Maureen akatua birika. "Mwenyewe? Clive, mganga hajigangi!"

"Sasa rangi ilikuwa inakauka kopo zima! Nikapiga nati zote mbili za nyuma kwa mpigo."

"Kabla ya kukaza au baada?" Kipimo akadakia.

Bomba akauweka mkate chini. "Gari lilikuwa juu ya jeki," akasema taratibu. "Ukikaza juu ya jeki, gurudumu linazunguka na wewe. Nikasema nikilishusha ntakaza. Nikalishusha. Mke wangu akaita, chai tayari..."

"Halafu?"

"Halafu asubuhi nikaona njano. Nikajua nilishakaza."

Jamani! Tulitoka mbio, Maureen na aproni yake. Kipimo akachomoa kifuniko cha gurudumu, akashika nati ya nyuma kwa vidole viwili. Ikazunguka kama kifuniko cha soda. Mstari wa njano ukakatika mbele ya macho yetu.

Hapo hapo teksi ikafunga breki. Akashuka Bryony, gauni jeupe kalikusanya kwapani, miguuni viatu vya mvua.

"Baba! Saa tano na nusu! Watu wananisubiri wewe unakunywa chai?"

Bomba alikuwa amepauka. "Mwanangu, nati hizi... ningekuua leo."

Bryony akaitazama nati, akamtazama baba yake. Alikulia gereji ile, hahitaji kuelezwa. "Hujaniua. Nani anakanyaga breki?"

"Na gauni hilo?"

"Kwani mguu una gauni?" Akaingia, akakanyaga, gurudumu lisizunguke.

Bomba akaenda kuchukua bomba lake. Kipimo akamzuia, akampa spana yake, ile ambayo hata mkewe haruhusiwi kuigusa. Bomba akaipokea kwa mikono miwili. Akavuta polepole, jasho linamtoka. Klik. Akahamia upande wa pili. Klik.

"Rangi?" nikauliza. Hakuna aliyekuwa nayo.

Bryony akashuka, akatoa rangi ya kucha mkobani, akainama akapiga mstari mwekundu kwenye nati zote mbili. "Sasa amepiga mwenzako. Endesha."

Tulifika kanisani saa sita na dakika nne, magurudumu manne kwa hesabu yangu.

Mchungaji aliwaunganisha mikono, akatamka kuwa ni mume na mke. Bomba, kiti cha mbele, machozi yanamtiririka mpaka kwenye tai, akashindwa kujizuia.

"Klik!"

Kipimo akaninong'oneza, "Bado alama."

Bryony akambusu mumewe shavuni. Likabaki na alama nyekundu ya rangi ya mdomo.