Soksi Zangu Zina Macho

Kwako Mwalimu wa Darasa la Pili,

Kwa heshima na taadhima, pokea salamu za mzazi ambaye hajawahi kukusumbua hata kwa penseli iliyopotea. Mimi ni kinyozi, baba wa yule binti mnayemwita Chiriku. Nakuandikia kuhusu kazi za mikono, za kukata, kushona na kubandika, ulizoanzisha ili watoto wapende kusoma. Mwalimu, wamependa. Ndiyo maana nalalamika.

1. Soksi. Ulimfundisha mwanangu kushona vikaragosi vya hadithi kwa soksi kuukuu. Kwetu soksi zote ni kuukuu. Jumapili nilikwenda kumjulia hali shemeji, nikavua viatu mlangoni, mguu wa kulia ukatoa macho mawili ya vifungo na ulimi mwekundu. Watoto wakapiga kelele, "Mamba!" Tangu hapo hakuna aliyenitazama usoni.

2. Hema la kusomea. Shuka letu limefunika meza ya kulia, na mbele pana kibao cha boksi: "Anayeingia bila kitabu arudi." Mama mkwe alikuja kutusalimia, akainama kuchungulia, akaingia. Hajatoka. Chai anapelekewa humo humo. Nami siwezi kumvuta mkwe miguu, basi tunakula tumesimama kama watu wanaosubiri basi.

3. Picha za mitindo ya nywele zilizokuwa ukutani kazini kwangu. Chiriku alikata vichwa, akabandika mahali pake vichwa vya simba, mbuzi na wafalme, ati wahusika wa mchezo. Wateja wangu huchagua kwa kidole. Mmoja alimnyooshea kidole simba, akakataa katakata kushauriwa. Nilijitahidi. Mkewe hajanisamehe.

4. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Akitoka shule, Chiriku huvaa soksi mkononi akawasomea wateja. Akifika pale mtu anapokaribia kuliwa, hufunga kitabu. "Kesho," anasema. Fundi seremala mmoja niliyekuwa namnyoa aligeuka ghafla, "Kesho? Kwa nini kesho?" na mashine ikapita na nyusi. Hakulalamikia nyusi. Alilalamikia kesho. Sasa benchi limejaa watu wasio na haja na mkasi wangu, na mbele yao huketi bwana mwenye upara unaong'aa. Ukimwomba apishe, anajibu kwamba yuko kwenye foleni.

5. Katika mchezo wao nimepewa nafasi ya fisi mwenye njaa. Nilisoma vizuri tu, binti akanikatiza mbele ya kadamnasi: "Baba, sauti yako imeshiba." Mtu mzima nikarudia, nikarudia, mpaka njaa ikanishika kweli.

Kwa hiyo naomba gundi, rangi na mikasi vifungiwe kabatini, na watoto wasomeshwe kama tulivyosomeshwa sisi: kimya, mikono nyuma, fimbo mezani. Njia ile ni ya uhakika. Tulihitimu, na tangu siku hiyo hakuna kitabu kilichothubutu kukanyaga nyumbani kwetu, hadi ulipoleta gundi yako.

Nakutakia kazi njema, ila isiwe ya mikono. Nisalimie walimu wote, mpishi wa shule, na mlinzi wa getini, ambaye nywele zake zimeshakuwa msitu.

Ni mimi, mzazi mwenye uchungu,
Kinyozi, Baba Chiriku.

Tanbihi: Kabla hujatekeleza lolote, kile kitabu cha bata aliyefungua duka la miavuli wakati wa kiangazi kimefika kwetu bila ukurasa wa mwisho. Tafadhali nijibu upesi: mvua ilinyesha? Chiriku anasema atabuni mwisho wake mwenyewe. Anayeuliza ni mimi.