Masale Yangu Yametembea Mpaka kwa Mkamburi

Mwanda, Taita
Mwezi wa nne, 1979

Kwa Mheshimiwa Chifu,

Salamu nyingi. Ni mimi Mzee Crispus Mwakio, yule ambaye shamba lake limesimama kama ukuta. Wengine wakipanda huko wanashika nyasi wasianguke. Mimi nalima kwa mkono mmoja, mwingine umeshika kiko. Shule sikukaa sana lakini barua hii nimeandika mwenyewe. Namshtaki jirani yangu wa chini, Mkamburi, ambaye anakula udongo wangu.

1. Mvua ikinyesha, udongo wangu mweusi unashuka kwake bila ruhusa, mimi naachiwa mawe. Bwana Shamba anasema makosa ni yangu, eti napanda mahindi kwa mistari ya kushuka mlima. Mistari yangu imenyooka kama reli ya Voi. Aulizwe kama reli nayo imekosa. Matuta tulichimbishwa na mkoloni, na siku ya Uhuru niliyabomoa yangu yote kabla ya chai. Hakuna aliyenishinda.

2. Nilimwaga gunia zima la mbolea ya dukani, nikaona mawingu, nikafurahi. Asubuhi yote ilikuwa imeshuka mtoni. Sasa bwawa la serikali huko chini limekuwa kijani kama mboga, ng'ombe wanalinusa na kurudi. Yale magugu ya bwawani yameshiba chakula cha mahindi yangu, na serikali haijasema asante.

3. Mke wangu Wakesho ameenda kulima na Mkamburi, wagawane mavuno. Anasema anafuata shamba aliloolewa nalo, nalo limehamia chini. Jioni ananipikia ugali wa mahindi ya huko, na kila tonge ananiuliza kama naonja udongo wangu. Nakula kwa hasira. Naomba kuongezewa.

4. Hili ndilo kubwa. Mila unaijua: masale yakishapandwa mpakani hayang'olewi, na yanaposimama ndipo mpaka ulipo. Basi wiki iliyopita kipande cha shamba langu kiliteleza na masale juu yake, yamesimama wima kama askari, mpaka katikati ya mahindi ya Mkamburi. Mkono wa mtu haukugusa. Kwa hivyo mahindi yote yaliyo upande wa juu ni yangu, pamoja na choo chake. Nilimweleza kwa upole. Akanijibu, "Baba Gibson, na udongo ukifika Voi utadai stesheni?" Chifu, stesheni sikuwa nimeifikiria, lakini hilo nalo liangaliwe.

Naomba uje na wazee mseme wazi kwamba mpaka ni masale, na usibadilike milele. Bila hivyo mwaka huu sina mahindi, na mke naye ni wa jioni tu.

Nisalimie mama watoto, karani wako na askari wote wa kambi. Bwana Shamba pia msalimie, lakini kidogo.

Ni mimi mkulima wako hodari,
Crispus Mwakio

N.B. Wazee wasije kwanza. Kabla sijaituma barua, shamba la Obadiah, jirani yangu wa juu, limeteleza pia. Masale yake yamezunguka jiko langu yakasimama mbele ya mlango. Kwa ile mila niliyoeleza, nyumba iko kwake. Amekuja asubuhi, akasimama mlangoni mwangu, akanikaribisha ndani. Karatasi nyingine sina, kwa hivyo hiyo namba nne ipite bila kusoma. Mtume Bwana Shamba na kamba yake ya kupimia matuta, haraka. Wakesho amekubali kushika ncha moja. Lakini Bwana Shamba aanzie kwa Obadiah.